Maneno Mawili ya Bwana Shauri na Ng'ombe wa Wandera

Nilikuwa naenda Kampala. Nalisema hilo mapema kwa sababu ninyi vijana mliobaki mahakamani mmenizoea kama mtu wa Tororo, na mmoja wenu aliwahi kuwaapia wenzake kwamba nilizaliwa chini ya lile jiwe. Nilizaliwa Tanga. Nilisoma mpaka darasa la kumi, nikafanya ukarani kwenye shamba la mkonge, nikaacha, nikahesabu magunia bandarini Mombasa, nikaacha tena. Kazi hazikuwa mbaya. Miguu yangu ndiyo haikujua kukaa. Mama yangu alikuwa akisema kwamba hata nikilala, shuka huamka limefika mlangoni.

Vita vilikuwa vimekwisha na treni zilijaa askari waliorudi makwao na mablanketi ya jeshi. Nilipanda Mombasa, daraja la tatu, na kasha langu la mbao lililofungwa kwa kamba ya mkonge iliyoanza kuchakaa. Mpaka Nairobi tulikula vumbi jekundu. Baada ya Nakuru tukaanza kupanda, na kule juu nikakutana na baridi ambayo sikuwahi kuambiwa kwamba ipo Afrika. Askari mmoja wa Kakamega alinigawia nusu ya blanketi lake kwa sharti kwamba nimsimulie habari za bahari. Nikasimulia. Tulipofika Eldoret bahari ilikuwa imeniishia, nikaanza kutunga.

Kisha treni ikateremka kwenye nchi tambarare, ikavuka Malaba, na mbele nikaliona jiwe la Tororo limesimama peke yake, kubwa, kama kitu ambacho mtu alikiweka pale kwa muda akasahau kurudi kukichukua. Treni ilisimama stesheni kunywa maji. Mimi nikashuka na karanga zangu mkononi, nikaenda mpaka mwisho wa jukwaa, pale ambapo bohari haizuii macho, ili nilitazame vizuri. Nilipogeuka, treni ilikuwa inaondoka. Kusema kweli haikuwa inakwenda kasi. Ningeweza kukimbia. Nilisimama nikatafuna karanga, na kasha langu likaenda Kampala peke yake.

Stesheni masta alinihurumia, akaandika simu ya maandishi ya kupeleka mbele. Nilisimama nyuma ya bega lake nikamwona akiandika kwa Kiingereza: "Look after box." Hayo maneno mawili ya mwanzo nilikuwa nimeyasoma darasani, na mwalimu alituambia maana yake ni kutunza, tukaandika, tukapita. Sikujua kwamba yangenilisha kwa muda mrefu kuliko mkonge na bandari kwa pamoja.

Wakati nikisubiri kasha, nilikaa kwa wauza chai wa mjini, na hapo ndipo aliponikuta Mzee Ramadhani. Huyu alikuwa mkalimani wa ofisi ya wilaya. Baba yake alikuja na misafara kutoka Tabora, mama yake alikuwa Mnubi, na yeye mwenyewe alikuwa na lori moja bovu na lugha sita nzima. Koo lake lilikuwa limeanza kumsumbua.

"Kijana, wanasema una Kiingereza," akaniambia. "Ni cha darasani au cha kufanyia kazi?"

"Cha darasani, mzee."

"Basi kitapona. Njoo kesho."

Kasha lilirudi kutoka Kampala nikiwa tayari nimeajiriwa. Hakikupungua kitu. Ila ile kamba iliyochakaa haikuwepo, na badala yake palikuwa na kamba mpya, imefungwa vizuri, fundo la mtu mwenye subira. Sikumjua aliyeifunga na sijamjua mpaka leo. Simu ilisema maneno matatu tu, na mtu huko Kampala akayasoma akaenda kutafuta kamba. Nikafikiri kwamba labda mwalimu wetu aliharakisha kidogo.

Mzee Ramadhani alinifundisha kazi kwa kunisimamisha. Alisema mkalimani anayekaa husinzia, na anayesinzia huota kesi yake mwenyewe. Alinifundisha kutembea na tangawizi mfukoni kwa ajili ya koo, kutazama midomo ya shahidi na si macho yake, na kunywa chai baada ya kesi, kamwe si kabla, kwa sababu hakuna hakimu atakayeahirisha kesi ya mauaji ili mkalimani aende nyuma ya nyumba. Lakini somo lake kubwa lilikuwa moja.

"Ukisimama pale kati, huna mdomo," alisema. "Yule akisema mimi, wewe sema mimi. Usiseme 'anasema kwamba'. Ukisema hivyo umeshajitia ndani ya kesi."

"Mtu akisema mimi ni mwizi?"

"Sema mimi ni mwizi. Kwa sauti. Na usitabasamu."

Kwa hiyo katika utumishi wangu nimekiri kuiba kuku Iyolwa, nimekiri kumpiga shemeji yangu kwa mwiko huko Nabuyoga, na mara moja, mbele ya watu wengi, nilitangaza kwamba nina mimba ya polisi. Bwana Shauri hakunyanyua hata kichwa. Ndivyo kazi inavyokuwa ikifanywa sawasawa.

Bwana Shauri ndiye Mwingereza aliyekuwa akizunguka wilaya kusikiliza mashauri. Alikuwa mrefu, shingo nyekundu, mpole mpaka saa ya chakula. Siku yangu ya kwanza alishuka garini akanikabidhi kamba ya mbwa wake, akasema "look after him". Akaonyesha mfungwa mmoja, akasema vilevile. Akaonyesha mama mmoja mwenye mtoto anayechemka homa, vilevile. Akaonyesha birika lililokuwa jikoni, vilevile, kisha akaingia ndani. Nikabaki na mbwa, mfungwa, mama na birika, na wote wananisubiri.

Mzee Ramadhani alikuwa amesimama kando akifurahi.

"Haya, karani," akasema. "Gawa."

Nikamwambia tarishi amshike mbwa, askari amlinde mfungwa, mwanamke mmoja amsaidie mama kumuuguza mtoto, na mpishi aangalie birika lisimwagike. Nilitumia maneno manne kwa kazi ya moja, na tangu hapo sikuwahi kutumia pungufu. Kiswahili chetu hakina chombo kimoja cha kubeba mizigo yote hiyo, na sioni aibu. Mtoto hulelewa, mgonjwa huuguzwa, ng'ombe huchungwa, mlango hulindwa, shamba husimamiwa, mgeni hukirimiwa, na mali ya mtu hutunzwa. Mwingereza huingia jikoni na sufuria moja, akapikia humo chai, nyama na maji ya kuoga.

Ninyi mtayakuta maneno hayo kila mahali, kwa hiyo nawaachia njia yangu. Msikimbilie kitabu. Jiulizeni kwanza: kitu hicho kikiharibika, nani atalia? Akilia mtoto mwenyewe, ni kulea. Akilia mwenye mali, ni kutunza. Asipolia mtu ila serikali, ni kulinda. Njia hii haikunipoteza mara nyingi. Kijana mmoja aliyeletwa kutusaidia, jina silitaji maana sasa ni mkubwa, hakuipenda. Yeye alitafsiri neno kwa neno. Bwana Shauri aliposema mashahidi wa-look after mizigo yao, yule kijana akawaambia watazame nyuma. Benchi zima likageuka likatazama ukuta, na kwa kuwa watu wa Nabuyoga wana adabu, walikaa hivyo mpaka wakati wa chai.

Tulizunguka sana miaka ile. Bwana Shauri kwa gari, sisi kwa baiskeli, tukimfuata katika vumbi lake. Kwa mtu wa miguu kama yangu ilikuwa kazi ya peponi: leo Iyolwa, kesho Kwapa, wiki ijayo Busia. Kila mwisho wa mwaka nilijiambia sasa nitaendelea na safari yangu ya Kampala, na kila mwisho wa mwaka kulikuwa na kesi niliyotaka kujua inaishaje.

Sasa niwape ile ya Busia.

Watu wa pande zile hawaweki mifugo yao yote katika zizi moja. Ugonjwa ukija, au wezi, au hasira ya ndugu, mtu asipoteze vyote kwa mpigo. Kwa hiyo ng'ombe wawili watatu huwapeleka kwa rafiki wa mbali. Rafiki huchunga, hunywa maziwa, hutumia samadi. Ndama ni wa mwenyewe, ingawa wakishakuwa wengi mchungaji hupewa mmoja. Na ng'ombe akifa, mchungaji hupeleka ngozi kwa mwenyewe, kwa mkono wake. Ngozi ndiyo inayomsemea: sikumla, sikumuuza, amekufa kwangu, mtazame. Mwenyewe huitandaza chini, akatambua rangi, akatafuta tundu la mkuki au la kisu, asipoliona akampa mwenzake pole. Mchungaji asiyeleta ngozi ni mwizi, hata alie namna gani.

Okware alikuwa mzee wa Kwapa, mfupi, mcheshi, mwenye zizi kubwa. Zizi lilikuwa lake, ng'ombe karibu wote walikuwa wa watu. Wandera alikuwa Msamia wa upande wa Kenya, mkulima aliyefanya biashara kidogo ya samaki wakavu. Baba zao walikuwa marafiki, na ng'ombe wa Wandera walikuwa wakikaa kwa Okware tangu enzi ya wale wazee. Basi ng'ombe mmoja wa Wandera akafa, tena akafa vibaya, maana mwaka ule bwana mifugo alikuwa ameufunga mpaka kwa karantini. Nyama, maziwa, kwato, ngozi, chochote cha ng'ombe, hakivuki. Okware akaikunja ngozi, akaibeba kichwani mpaka Busia, na pale kwenye kizuizi cha mpakani askari akamnyang'anya. Akamwambia itachomwa moto. Okware akavuka mikono mitupu kwenda kueleza, na Wandera akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ngozi iko wapi.

Walivutana kwa miezi. Mwishowe Wandera akaleta shauri kwa Bwana Shauri. Jambo lililokuwa shingoni mwa Okware lilijulikana na kila mtu aliyekuja siku ile. Asingelipa ng'ombe mmoja tu. Akihukumiwa mwizi, kila mwenye mnyama katika zizi lake angekuja na kamba kumfungua wake, na wajukuu wa Okware wangeamka bila tone la maziwa. Wengine walikuwa wamekwisha kufika barazani na kamba mkononi, wamekaa nyuma, wanasubiri.

Tulisikilizia kwenye banda la bati karibu na kizuizi. Karantini ilikuwa imeshaondolewa. Bwana Shauri alikalia kiti chake cha safari, kile cha kukunja. Turubai lake lilikuwa limeoza wakati wa mvua, na sajini wa kizuizini, mtu wa kupenda kusifiwa, alikuwa amekitengeneza upya kwa ngozi yenye manyoya, mahali pa kukalia na mahali pa kuegemea. Bwana Shauri alikipenda kile kiti kuliko gari.

Wandera alisimama kwanza.

"Bwana Mkubwa, baba yake na baba yangu walikula sahani moja. Sikuja kumchukia. Nauliza kitu kimoja tu. Ngozi iko wapi?"

Nikauliza kwa Kiingereza, kwa sauti yangu, ngozi ya ng'ombe wangu iko wapi.

"Ngozi mimi nalileta," akasema Okware. "Nalibeba kwa kichwa toka Kwapa mpaka hapa. Askari yenu alichukua."

"Askari yupi?"

"Ile mrefu. Sasa hayuko. Walimpeleka Karamoja."

Watu wakacheka, kwa kuwa Karamoja ndiko kila askari aliyetafutwa alikokuwa amepelekwa. Bwana Shauri akamwita sajini. Sajini akapiga mguu chini.

"Ngozi zote za karantini zilichomwa, afande. Amri ilikuwa hivyo." Alisema hayo akitazama bati la juu.

Bwana Shauri akamgeukia Okware, na hapo yakaja maneno yake mawili. Alitaka kujua kama Okware alim-look after huyo mnyama ipasavyo. Sikungoja hesabu yangu: ng'ombe huchungwa. Nikamwuliza Okware kama alimchunga vizuri.

Okware akanitazama kama mtu aliyepunjwa.

"Karani, uliza vizuri. Kuchunga ni kazi ya mguu. Hii ng'ombe mimi nalikaa naye kama mke mgonjwa. Tumbo ilivimba, mimi naliita mutu ya dawa. Bibi yangu alimfunika na blanketi yake mwenyewe. Ng'ombe alikufa na blanketi ikaharibika. Mpaka leo bibi anadai blanketi. Uliza kama mimi nalilala."

Nikatangaza kwa Kiingereza kwamba mke wangu bado ananidai blanketi. Bwana Shauri aliandika hilo. Lakini niliona uso wake, na nilikuwa nimeuzoea. Alimpenda yule mzee na hakuwa na la kumfanyia. Akasema, taratibu, kwamba kama kumtunza ng'ombe ilikuwa kazi ya Okware, basi na kuutunza ushahidi wa kifo chake ilikuwa kazi yake pia. Nilipomaliza kuitafsiri, mtu mmoja kule nyuma akaanza kukunjua kamba yake. Okware aliiona. Alivua kofia akaishika kwa mikono miwili.

Kabla ya kuhukumu, Bwana Shauri akataka sifa za ng'ombe, zipate kuandikwa.

"Mwekundu," akasema Wandera, "kama udongo huu. Mgongoni ana baka jeupe, mfano wa jembe lisilo na mpini. Na ndani ya baka, upande wa kushoto, ana kovu. Alichomwa na mti wa zizi akiwa ndama. Manyoya hayakuota tena, mahali padogo tu, kama kidole gumba."

"Kama kidole gumba," akasema Okware. "Kweli."

Bwana Shauri akaandika, akafunga kalamu, akasimama kunyoosha mgongo kabla ya kutoa neno lake. Na Wandera, aliyekuwa bado amesimama mbele, akakikazia macho kiti. Akapiga hatua moja. Kisha nyingine.

"Wewe, rudi nyuma," akasema sajini.

Wandera hakurudi. Aliinama juu ya kiti. Okware akaja naye, kofia mkononi, akainama upande wa pili. Wazee wawili waliokuwa hawasemezani kwa miezi wakawa vichwa pamoja juu ya kiti cha serikali, na mbwa wa Bwana Shauri akaja kunusa ili asipitwe. Wandera akaweka kidole gumba chake pale palipokuwa na upara mdogo katikati ya weupe. Kilienea.

Akainuka, akasema kwa heshima zote:

"Bwana Mkubwa, umemkalia ng'ombe wangu."

Nimetafsiri mambo mengi, lakini hakuna lililonishinda pumzi kama hilo. Nilimwona Mzee Ramadhani mlangoni, mkono mdomoni, akinitazama kwa macho makali yanayosema huna mdomo. Nikajinyoosha. Nikamwambia Bwana Shauri, kwa Kiingereza safi, kwamba alikuwa amemkalia ng'ombe wangu.

"Wako?" akauliza.

"Si wangu, bwana. Wake. Lakini natakiwa kusema hivyo."

Sajini wakati huo alikuwa anatazama bati tena, kama mtu anayesikia mvua inakuja.

Bwana Shauri alipiga magoti sakafuni, akatazama kovu, akasoma alichoandika, akatazama tena. Wekundu ulipanda kutoka shingoni ukafika masikioni. Halafu akaomba kisu. Alikata nyuzi mwenyewe, sehemu ya kukalia na sehemu ya kuegemea, akawakabidhi. Wale wazee wakatandaza vipande viwili chini, wakavisogeza vikagusana, na jembe jeupe likakamilika. Wandera akapiga magoti. Akaipapasa ngozi yote polepole, akatafuta tundu la mkuki, akatafuta la kisu. Akaigeuza ndani. Pale palipokuwa tumbo, ngozi ilikuwa imevutika ikawa nyembamba.

"Alivimba," akasema.

"Alivimba," akasema Okware.

"Pole, ndugu yangu."

"Pole na wewe."

Wakaketi chini, mmoja kila upande wa ngozi. Watu wa nyuma wakaanza kuzikunja kamba zao, mmoja mmoja, bila kutazamana. Bwana Shauri akanivuta kando akaniuliza kinachoendelea. Nikamwambia wanapeana rambirambi. Akauliza nani ameshinda kesi. Nikawapelekea swali. Walitazamana, na Okware ndiye aliyejibu.

"Mwambie ng'ombe amefika nyumbani."

Basi Bwana Shauri, ambaye hakuwa mtu mbaya, akataka kuondoa aibu kwa mzaha. Akaniagiza nimwambie Wandera kwamba naye, muda wote huo, amekuwa aki-look after ng'ombe wake. Nikachagua neno la heshima zaidi nililokuwa nalo.

"Na mimi pia nimekutunzia."

"Asante, Bwana Mkubwa," akasema Wandera. "Lakini wewe ni mzito."

Hilo nililitafsiri kwa furaha. Banda zima lilicheka, na Bwana Shauri akacheka zaidi ya wote, kisha akasikiliza kesi zilizobaki akiwa amekaa juu ya debe la mafuta ya taa. Sajini alihamishwa. Sikuuliza wapi, ila naamini yule askari mrefu alipata mwenzake.

Niliporudi Tororo sikutulia. Nilikuwa nimekaa pale miaka kadhaa, na mali yangu yote bado ilienea katika kasha moja, na nilikuwa nikijisifia hilo. Sasa lilianza kuniudhi. Nikaenda mnadani Busia, nikanunua mtamba mmoja mweusi mwenye soksi nyeupe miguuni, nikamsukuma kwa taabu mpaka Kwapa, maana mtu wa Tanga na ng'ombe hawajui nani amfuate mwenzake. Okware alinikuta getini kwake tumezongwa na kamba.

"Karani, huyu ni wa kesi?"

"Wangu, mzee. Nakuletea."

"Wewe? Watu wanasema wewe ni mutu ya kuhama."

"Ndiyo sababu nakuletea wewe."

Alicheka, akampokea. Tangu hapo kila nilipopita Kwapa nilikunywa maziwa ya ng'ombe wangu nikiwa mgeni, nikaonyeshwa ndama wangu, na mke wa Okware akanikumbusha, kila mara, kwamba serikali haijamlipa blanketi.

Miaka ikaenda. Mzee Ramadhani alifariki, na lori lake bado lipo pale pale, kuku wanalala ndani. Waingereza wakaanza kufunga mizigo, kila mmoja akisema atarudi kututembelea. Mahakama ikaletewa mahakimu wetu wenyewe, vijana wanaosikia Kiteso na Kisamia bila msaada wangu, na hilo ni jambo jema, ingawa liliniacha nimesimama kati ya watu wawili wanaoelewana. Niliambiwa nichague meza Mbale au kustaafu. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu. Nikaichagua miguu.

Mlinifanyia chai, nakumbuka, na mandazi. Mwingereza wa mwisho aliyebaki ofisini alinishika mkono akaniambia "look after yourself". Mlinitazama wote muone nitaitafsirije. Sikuitafsiri. Sisi hatumwachii msafiri kazi hiyo peke yake. Tunamwambia afike salama, tukamwachia Mungu na watu wa huko aendako.

Siku moja kabla ya safari, nilikwenda Kwapa kuaga. Okware alikuwa amezeeka, lakini zizi lilikuwa limejaa.

"Ng'ombe utachukua?" akaniuliza.

"Nitamfunga wapi, mzee? Kwenye treni?"

"Basi anakaa. Akikufa, mimi naleta ngozi."

"Utaileta wapi? Hata mimi sijui nitakuwa wapi."

Hakucheka. Nadhani ni mara ya pili tu nilipomwona hacheki.

"Wewe utasema," akaniambia. "Kila ukihama, unatuma neno uko wapi. Mimi nitafanya nini na ngozi ya mutu hana mahali? Unataka watu waniite mwizi?"

Nikaahidi. Sijawahi kumwahidi hivyo mama yangu.

Asubuhi yake, stesheni ya Tororo, nilipakia kasha kwanza, kisha mimi mwenyewe, na sikushuka kutazama jiwe. Treni ikaondoka kuelekea Malaba, polepole, kama siku ile. Tulipokuwa tunapita Kwapa nikasimama dirishani bila sababu, na sababu ikaja. Okware alikuwa kando ya reli, kamba mkononi, amemgeuza ng'ombe wangu ubavu ili nimwone wote, kuanzia pembe mpaka soksi za nyuma, jinsi mwenye mali anavyoonyeshwa. Hakupunga mkono. Alimwonyesha ng'ombe kwa kidole, kisha akanionyesha mimi, na kidole kikabaki hewani mpaka treni ikapinda.

Nimeshahama mara mbili tangu siku hiyo, na mara zote mbili nimetuma neno. Mlango ukibishwa, huwa natazama kwanza mikono ya mgeni. Mpaka leo wote wamekuja mikono mitupu, na hakuna mwenyeji anayewafurahia wageni wa namna hiyo kuliko mimi.